Kisu cha Mfukoni na Gharama Yake

Kisu kikunjwacho ni kitu kidogo, lakini ni vichache vyombo vidogo vilivyokusanya kazi ya watu wengi kama hicho. Ukikishika mkononi, msomaji, waona makali na mpini tu. Huoni moto uliokiyeyusha chuma, wala jiwe lililokinoa, wala ndovu aliyeanguka nchi ya mbali. Basi na tuutazame mji wa Sheffield, kaskazini ya Uingereza, uliovuma kwa visu karne nyingi, tujue kazi ile ilifanywaje na ni nani aliyelipa gharama yake.

Mji ule haukupata sifa kwa bahati tu. Mito yashuka vilimani na kupita hapo, na maji yake yaliyazungusha magurudumu ya karakana. Vilima vyenyewe vilitoa mawe ya kunolea, na ardhi ilitoa makaa. Mwishoni mwa karne ya 14 mshairi Chaucer alikitaja kisu cha Sheffield katika hadithi zake, dalili ya kuwa habari za mji zilikuwa zimekwisha enea. Mwaka 1624 sheria ya Bunge iliunda chama cha mafundi wa visu, nacho kilisimamia uanagenzi na alama ambazo mafundi walizipiga juu ya kazi zao. Alama ilikuwa sawa na jina la mtu: aliyeuza kisu kibovu alijiaibisha mwenyewe.

Ufundi bila ya chuma chema hautoshi. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, mtengeneza saa, alitafuta feleji bora kwa kamani za saa zake. Aliiyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo, katika moto mkali mno, mpaka ikawa ya namna moja ndani na nje. Husemwa kwamba mafundi wa Sheffield waliikataa hapo kwanza kwa sababu ya ugumu wake, akaiuza Ufaransa; visu vya Wafaransa vilipoanza kushinda sokoni, ndipo nao walipofumbua macho. Hivyo ndivyo mazoea yamfanyavyo mtu asiione mali iliyo mlangoni pake.

Sasa tazama fundi afanyavyo. Kwanza hufua bapa la kisu kwa nyundo likiwa jekundu. Kisha hulichoma tena na kulizamisha ghafula, nalo huwa gumu, lakini jepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo hulipasha moto polepole na kuitazama rangi yake. Likigeuka rangi ya nyasi kavu, hulitoa, makali yamepatikana. Kamani ya mgongoni huachwa hata igeuke buluu, kwa kuwa yapasa kupindika na kurudi. Halafu huunganisha bapa, kamani, vibao vyembamba vya shaba na mpini kwa misumari midogo, akipunguza kwa tupa kidogo kidogo. Kisu kilichotengenezwa vyema hufunguka bila ya kulegea, na hufungika kwa mlio mmoja safi. Unene wa karatasi ukizidi mahali pamoja, kisu kizima huharibika.

Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, kampuni ya Joseph Rodgers ya mji huo ilionyesha kisu chenye mabapa 75 na mpini wa lulumizi. Hapana mfuko ambao ungeweza kukichukua. Kilitengenezwa ili watu wastaajabu, nao walistaajabu.

Lakini sifa ile ilikuwa na deni. Wanoaji waliinamia mawe yaliyozunguka kwa kasi, wakivuta vumbi la jiwe na la chuma kila pumzi. Vumbi liliyala mapafu yao. Mwaka 1843 Daktari George Calvert Holland wa Sheffield aliandika juu ya maradhi hayo, na wanoaji wa uma, ambao walinoa bila ya maji, waliumia kupita wote. Wengi wao walikufa wangali vijana.

Deni la pili linatuhusu sisi. Mipini ya visu vya bei kubwa ilifanywa kwa pembe za ndovu, na kampuni ile ile ya Rodgers ilijulikana kwa ghala lake kubwa la pembe. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe katika Afrika ya Mashariki. Wapagazi Wanyamwezi walizichukua mabegani toka bara hadi pwani, na wafanya biashara wa Ukambani, kama Kivoi wa Kitui, walizipeleka Mombasa. Kutoka huko zilisafirishwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Mnunuzi aliusifu weupe wa mpini. Mpagazi hakutajwa, wala ndovu hakuhesabiwa.

Hesabu ilikuja baadaye. Mwaka 1989 Kenya ilichoma hadharani tani 12 za pembe, na mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kuikomesha biashara yake baina ya nchi na nchi. Mwaka 2016 Kenya ilichoma tani 105 nyingine. Uingereza nayo ilitunga sheria ya kuzuia biashara ya pembe mwaka 2018.

Je, ufundi ulikufa kwa kukosa pembe? Hata kidogo. Fundi Stan Shaw wa Sheffield, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2021, alitengeneza visu kwa mikono yake mwanzo hadi mwisho, na watu walikuwa tayari kuvingojea. Thamani ya kisu ilikuwa katika jicho lililoijua rangi ya moto na katika subira ya tupa. Nawe, msomaji, ukisifu chombo chochote kizuri, uliza mambo mawili: ni mikono gani iliyokifanya, na ni nani aliyeumia kikifanywa? Asiyeuliza la kwanza humdhulumu fundi. Asiyeuliza la pili hushiriki katika deni bila ya kujua.