Ujazo wa tangi la maji

Ujazo wa tangi la maji ni kiasi cha maji ambacho tangi linaweza kubeba, kwa lita au mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, na ndiyo uniti moja kwenye ankara ya maji. Katika kata ya Tumati, wilayani Mbulu, Mkoa wa Manyara, hesabu hii ina uzito wa pekee: mvua hukatika karibu na Juni, na kaya inayovuna maji ya bati hulazimika kujua mapema akiba yake itafika wapi.

Vipimo vya zamani
Debe, lililotokana na kopo la mafuta ya taa la galoni nne, hubeba lita 18 hivi. Ndoo kubwa ni lita 20, pipa lita 200.

Kukokotoa
Tangi la pembe nne halina shida: urefu mara upana mara kina. Tangi la mviringo huhitaji nusukipenyo, na kwa kuwa katikati ya tangi hapafikiki kirahisi, njia bora ni kuzungushia kamba na kuipima. Kamba ikitoa mzingo wa mita 4.40, gawanya kwa 22/7, upate kipenyo cha mita 1.40, nusukipenyo ni 0.70. Nusukipenyo mara chenyewe, mara 22/7, ni mita za mraba 1.54, yaani eneo la kitako. Kina kikiwa mita 1.25, ujazo ni mita za ujazo 1.925, sawa na lita 1,925.

Kamba hiyo inafaa kwa tangi la plastiki, ambalo ukuta wake ni mwembamba. Kwa tangi la matofali inadanganya vibaya. Tangi lenye kipenyo cha mita 3 kwa nje na ukuta wa sentimita 15 lina mita 2.70 tu kwa ndani, na kwa anayepima nje, karibu moja ya tano ya maji anayohesabu hayapo. Pima ndani, kabla tangi halijajazwa.

Kina nacho huishia kwenye bomba la kumwagia maji yaliyozidi, kwani juu ya hapo maji hayakai. Chini, koki huwekwa juu kidogo ya kitako ili tope lisitoke. Katika mfano wetu wa tangi la lita 1,925, sentimita 5 chini ya koki ni lita 77. Zinazochoteka ni 1,848, ndoo 92 na kidogo.

Kusoma kilichobaki
Ufito mkavu ulionyooka hushushwa wima hadi kitako, kisha hutolewa na kupimwa palipolowa. Kwa tangi la lita 1,925 la mfano wetu, kila sentimita ni lita 15.4.

Maji ya mvua
Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 60 likipata milimita 20 hupokea lita 1,200, ingawa si zote hufika tangini.

Huduma ya umma
Maji vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali ulioundwa kwa sheria ya 2019. Sera ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kwa kiwango hicho, watu sita humaliza lita 1,848 kwa siku 12.