Kwa nini wanapima mkono: historia ndogo ya kazi ya otesi wa ndege



Mwaka 2024 dada mmoja jirani yetu alikuja kwangu jioni, simu mkononi. "Yaya, wameniita Bujumbura! Ni mahojiano ya kazi ya otesi wa ndege." Mimi ni mwalimu wa historia, ndani ya ndege sijawahi kufanya kazi hata siku moja. Lakini mnajua kwetu: ukiwa na diploma ya chuo kikuu, watu wanaona unajua kila kitu. Nikamwambia akae, tuongee pole pole.

Alikuwa na shida mbili. Ya kwanza, tangazo lilisema mtu anyooshe mkono afikie sentimita 212, akisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Yeye aliona ni kudharau watu wafupi. Ya pili ndiyo ilimnyima usingizi. Ana mtoto wa miaka 3, na jamaa mmoja anayechukua pesa za vijana ili awafundishe kujibu alimwambia: "Usiseme uko na mutoto. Otesi ni musichana, hana bwana, hana mutoto."

Nilimwomba siku mbili nisome. Niliyoyakuta ndiyo ninawaandikia, sababu hapa tuko na mabinti na wadogo zetu wengi wanaotafuta kazi hii.

Kumbe ilianza na muuguzi. Ellen Church, mwanamke wa Marekani, alikuwa muuguzi na alikuwa amejifunza kuendesha ndege. Aliomba kazi ya urubani, wakamkatalia kwa sababu ni mwanamke. Akawapa wazo lingine: wekeni wauguzi ndani ya ndege, abiria wataacha kuogopa. Tarehe 15 Mei 1930 akapanda ndege ya Boeing Air Transport kutoka Oakland kwenda Chicago, safari ya karibu masaa 20. Kampuni iliajiri wauguzi 8. Lakini masharti yake! Wasiwe wameolewa, wasifikishe miaka 25, uzito usipite kilo 52. Ndege za wakati ule zilikuwa ndogo, kila kilo ilihesabiwa. Lakini ndoa ina uzito gani?

Sharti hilo la ndoa lilikaa miaka mingi. Februari 1958 Ruth Carol Taylor, muuguzi pia, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufanya kazi hii katika ndege za Marekani. Miezi michache baadaye akaolewa, na kazi ikaishia hapo. Basi yule jamaa wa "hana bwana, hana mutoto" alikuwa anafundisha sheria ya zamani, na anaiuza kama mpya.

Sasa tuje karibu na kwetu. Wazee wetu waliijua Sabena, kampuni ya Ubelgiji iliyorusha ndege za Kongo wakati wa ukoloni, mbele ya Air Congo kuzaliwa mwaka 1961. Katika Sabena hiyo alikuwa Gabrielle Defrenne, aliyeingia kazini mwaka 1951. Mkataba wake ulisema mwanamke akifika miaka 40, kazi imeisha. Wanaume waliofanya kazi ileile walilipwa zaidi na waliendelea baada ya umri huo. Februari 1968 akatolewa. Hakunyamaza. Pamoja na mwanasheria wake Éliane Vogel-Polsky alikwenda mahakamani, si mara moja. Kesi ya pensheni alishindwa. Ya kikomo cha umri pia alishindwa. Lakini tarehe 8 Aprili 1976 mahakama ya Ulaya kule Luxembourg iliamua kwamba kazi sawa ni mshahara sawa, na kwamba mwanamke anaweza kudai haki hiyo mbele ya hakimu wa nchi yake. Uamuzi huo unafundishwa mpaka leo kwa wanafunzi wa sheria. Aliyeuleta ni otesi.

Na mkono je? Emirates, kwa mfano, wanaomba sentimita 212 hizohizo, juu ya vifaa vya dharura vinavyowekwa juu katika ndege. Moto ukitokea, usipovifikia watu wanakufa. Ndiyo maana pia kanuni inaomba mhudumu mmoja angalau kwa kila viti 50, na ndege mpya inapojaribiwa watu wote lazima watoke ndani ya sekunde 90 kwa nusu tu ya milango. Tarehe 2 Januari 2024, pale uwanja wa Haneda kule Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na nyingine, ikawaka moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani yake walitoka hai. Chai na tabasamu ni sehemu ndogo ya kazi. Hii ndiyo sehemu kubwa.

Basi tukajitayarisha. Tuliazima mita ya fundi cherehani, tukachora alama ya mkaa kwenye ukuta wangu. Mara ya kwanza alikosa kidole kimoja, mara ya tatu akafika. Nikamuuliza: "Kwa nini unataka kazi hii?" Akajibu: "Napenda kusafiri." Nikamwambia hapana, kila mtu atasema hivyo. Tafuta siku uliyosaidia watu wenye hofu. Akakumbuka boti la mbao kutoka Baraka, upepo wa ziwa ulipowashika usiku: yeye ndiye aliyewakalisha wamama katikati na kuwazuia wasikimbilie upande mmoja. Tena anaogelea tangu utoto, kama watoto wote wa ziwani. Ile ndiyo ilikuwa jibu.

Juu ya mtoto, tulisoma tangazo mara mbili. Hapakuwa neno lolote juu ya watoto. Nikamwambia: usimtangaze kama hawakuulizi, lakini wakikuuliza usimkane.

Walimuuliza. Akasema: "Ndiyo, niko naye mmoja, mama yangu anamulea." Waliandika, wakaendelea.

Hakuchukuliwa. Alianguka kwenye mazungumzo ya Kingereza, si kwenye mtoto. Alirudi na huzuni, lakini hakurudi na aibu, na kwangu hiyo si kitu kidogo. Sasa kila jioni anasoma Kingereza, ataomba tena. Alama ya mkaa bado iko ukutani, sijaifuta.

Mwenye Kingereza kizuri hapa Songo, Kalundu ao Kabindula, tusaidiane. Wako wengine nyuma yake.