Tarehe ya Liemba, kama tuijuavyo Bujumbura

Hii ni tarehe ya Liemba, meli ya ziwa letu, Tanganyika. Imeandikwa Bujumbura ili ndugu zetu wa Kigoma waache kusema kwamba ni yao peke yao.

Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na kutoka hapo kwa reli. Mafundi watatu Wajerumani, Rüter, Wendt na Tellmann, ndio walioiunga upya Kigoma. Vibarua waliobeba na kupiga ribiti hawakuandikwa jina hata mmoja. Ikashushwa majini Februari 5, 1915, urefu wake mita 71.

Hapa nisimame kidogo, maana Waingereza hujisifu mno kwa Mimi na Toutou, boti zao za Vita Kuu ya Kwanza. Zilikuwa boti mbili za mbao, mahogani tupu, futi 40 kila moja, mbio zake ajabu kwa zama zile. Zilitoka Cape Town kwa reli, zikavutwa milimani Kongo kwa ng'ombe na injini za mvuke. Waingereza wakazipata meli mbili za Wajerumani: wakaikamata Kingani Desemba 1915, wakaizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Haya, hongera. Lakini kesho yake Goetzen ilipotokea ikimtafuta mwenzake, kamanda wao Spicer-Simson alikataza boti zisitoke. Mbio zote zile, na jogoo mwenyewe hawakumgusa!

Goetzen ilizamishwa na wenyewe, Julai 26, 1916, karibu na mlango wa Malagarasi. Wajerumani walipaka injini grisi nzito kila mahali, kwa kuwa walitumaini kurudi. Hawakurudi, ila grisi ilifanya kazi yake.

Sasa lile la ubishi. Kigoma watakwambia Mwingereza ndiye aliyeiopoa. Wazee wetu wa Buyenzi wanasema Mbelgiji alitangulia, yule yule aliyetawala Usumbura, yaani Bujumbura ya zamani, na wazee wamesema kweli: Wabelgiji waliinyanyua, wakaivuta hadi Kigoma. Dhoruba ikaizamisha tena mwaka 1920. Hilo halipunguzi kitu. Waingereza waliinyanyua mara ya pili mwaka 1924, wakakuta injini bado nzima, na Mei 16, 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa upande wa kusini.

Ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ndipo injini za mvuke zikatolewa, ikatiwa dizeli. Mwaka 1993 ikatengenezwa tena.

Zamani safari yake ilifika mpaka bandari yetu, na waliopanda wanakumbuka magunia ya ndagala na madumu ya mawese yamebanana sitahani hata mtu hana pa kunyoosha mguu. Halafu njia ikafupishwa, ikaishia Kigoma.

Ila Mei 2015 iliwafuata watu wetu. Maelfu walikuwa wamekimbia machafuko ya Burundi hadi Kagunga, upande wa Tanzania, ufuko mwembamba chini ya mlima, kipindupindu kimeshaingia. Hapakuwa na gati. Liemba ilitia nanga mbali kidogo, boti ndogo zikawasogeza watu hadi ubavuni mwake, akina mama wakapokewa watoto kwanza, kisha wao, kisha magodoro. Kila safari ilichukua kama watu 600 kwenda Kigoma, ikashusha, ikarudi kuchukua wengine.