Kabla ya Kununua Kioo, Jua Maji Yako

Samaki wangu wa kwanza walimaliza siku kumi na moja tu. Walikuwa wanne, wale wa rangi ya dhahabu, kwenye chombo cha lita 20 juu ya kabati la TV hapa Kitengela. Chakula niliwapa, tena kingi. Walipokufa, wasee wakaniambia samaki wa urembo ni wadhaifu tu. Nikakubali, nikaosha chombo, nikakisukuma chini ya kitanda.

Sasa napanga tangi jipya, la kujitengenezea. Safari hii nilianza na historia kabla ya kuuliza bei ya kioo, na ukweli ni huu: samaki wangu hawakuwa wadhaifu. Mimi ndiye nilifikiri maji ni maji tu. Na kuna watu wakubwa kuniliko, wenye vyeo, waliofanya kosa hilo hilo kwenye ziwa zima.

Tuanze London, mwaka 1850. Mkemia anayeitwa Robert Warington aliandika kuhusu jaribio lake: samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha kioo, pamoja na mimea ya majini. Mwanzo ilienda poa. Halafu majani yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono, wakala ule uozo, mambo yakatulia. Mimi naona hapo ndipo tangi la samaki tunalolijua lilipozaliwa. Halikuwa pambo. Lilikuwa mzunguko: huyu anatoa uchafu, yule anaula.

Lakini kuna mfanyakazi ambaye Warington hakumwona. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo haina makali sana. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyeeleza kazi ya bakteria hawa, karibu mwaka 1890. Wanakaa kwenye changarawe na kwenye sponji ya filta, na wanahitaji wiki kadhaa kuongezeka hadi watoshe. Mimi niliweka samaki siku ile ile niliyojaza maji. Maze, niliwafungia chooni.

Sasa turudi nyumbani Kajiado. Ukipitia Rongai na Kiserian ukashuka barabara ya Magadi hadi mwisho, unafika kwenye ziwa ambalo wengi tunalijua kwa ile magadi inayowekwa kwenye githeri ilainike haraka. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na bidhaa yake kubwa hutumika viwandani kutengeneza kioo. Kioo cha kawaida ni mchanga, chokaa na magadi vilivyoyeyushwa pamoja.

Na ziwa hilo lina samaki. Jina lake la kisayansi ni *Alcolapia grahami*, na alielezwa kisayansi mwaka 1912. Ni mdogo, anatosha kiganjani. Anaishi kwenye chemchemi za pembeni, kwenye maji yenye pH ya karibu 10, na joto linaloweza kufika nyuzi 40. Kwenye maji makali hivyo, amonia haitoki vizuri mwilini mwa samaki. Inabaki ndani na kumuua. Huyu wa Magadi anaigeuza kuwa urea kwanza, ndipo anaitoa. Watafiti walilichapisha hilo mwaka 1989, na dunia ya sayansi ikashangaa.

Hili linanihusu moja kwa moja. Maji ya visima vingi vya huku kwetu yana chumvi na floraidi, ndiyo maana wengine wetu tuna meno ya kahawia. Yangu nimeyapima: pH 8.4. Na kadiri pH inavyopanda, ndivyo amonia inavyozidi kuwa hatari. Kosa ambalo lingesamehewa kidogo kwenye maji laini lilikuwa hukumu ya kifo hapa kwangu. Samaki wa Magadi alizaliwa na suluhisho mwilini. Wale wanne wangu hawakuwa nalo.

Samaki huyo wa Magadi naye aliwahi kuhamishwa. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alipelekwa Ziwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu. Alistawi, na ndege aina ya mwari wakaja kwa wingi kumla. Ilionekana kama mchezo rahisi: chukua samaki hapa, weka pale.

Miaka hiyo hiyo, mbuta aliwekwa Ziwa Victoria. Si ati hakuna aliyeonya. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo. Haikusaidia. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa amejaa kila mahali, na biashara ya minofu ikanawiri. Lakini ziwa lile lilikuwa na aina mamia za samaki wadogo, wale Wajaluo huwaita fulu na Watanzania furu. Wengi hawapatikani popote pengine duniani. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba aina kama 200 zilipotea. Mbuta hakuwa peke yake, uchafu ulioingia ziwani pia ulichangia, lakini yeye ndiye aliyewekwa kwa mkono wa mtu.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: baadhi ya furu waliokuwa wamepotea ziwani waliendelea kuishi kwenye matangi Ulaya na Marekani, kwa watafiti na wafugaji wa samaki wa urembo. Yaani samaki wa Victoria, kabila zima lake, limebaki nyuma ya kioo cha sebule ya mtu ambaye labda hajawahi kufika Kisumu.

Kwa hivyo mpango wangu uko hivi. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45. Hizo ni lita 182, yaani kilo 182 za maji peke yake, kama magunia mawili ya mahindi. Kabati la TV haliwezi. Fundi ananichomea meza ya chuma. Silikoni ni ile isiyo na dawa ya kuua ukungu, kwa sababu dawa hiyo inaua samaki. Nitalijaza nje kwanza nione kama linavuja. Kisha filta ya sponji, na pampu ya hewa ya betri ya kusaidia stima ikipotea.

Halafu nitakaa na tangi lisilo na samaki. Nitatia chakula kidogo kioze, nilishe bakteria, nipime kila siku chache hadi amonia na nitriti zisome sufuri. Wageni wataniuliza samaki wako wapi. Waulize tu.

Nikimaliza, nitaweka wachache wa Tanganyika, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, waliozalishwa kwenye matangi. Maji ya ziwa lao ni ya alkali kama yangu, kwa hivyo sitapigana na kisima changu. Wa Magadi nitawaacha Magadi. Na siku nikichoka na hawa wangu, nitawatafutia mtu wa kuwachukua. Sitawamwaga Mto Kitengela, kwa sababu tayari tunajua hadithi hiyo iliishia wapi.

Wewe kwenu maji yanatoka wapi, na umewahi kuyapima?