Usiku wa Saa Nane: Chimbuko la Ratiba ya Usingizi wa Mtoto Mchanga, 1894–1982

Wazo kwamba mtoto mchanga hana budi kuzoezwa kulala usiku kucha, tena kwa saa maalumu, huchukuliwa katika vitabu vingi vya malezi kuwa ni suala la usingizi. Insha hii inatoa hoja kwamba chimbuko lake halikuwa usingizi bali maziwa. Ratiba iliyoenea New Zealand, Uingereza na Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilitungwa na madaktari waliokuwa wakipambana na vifo vya watoto waliolishwa maziwa ya ng'ombe. Usiku mrefu wa mtoto ulikuwa baki la hesabu yao ya milo. Hofu iliyoizaa hesabu hiyo ilipofifia, baki lilisalia, na mama ambaye mwanawe hakulitimiza akahesabiwa kuwa ameshindwa.

Mwaka 1894 daktari wa watoto wa New York, Luther Emmett Holt, alichapisha The Care and Feeding of Children, kitabu kidogo cha maswali na majibu kilichokusudiwa awali kuwafunza yaya. Muundo wake ulifanana na ule wa katekisimu, na ndivyo kilivyosomwa: swali moja, jibu moja, pasipo nafasi ya kujadiliana. Holt na wenzake hawakuwa na wasiwasi wa bure. Katika miji ya wakati huo kuharisha kwa majira ya joto kuliwaua watoto wengi, hasa walionyweshwa maziwa kwa chupa. Maziwa ya ng'ombe hukawia tumboni kuliko ya mama, na pasipo barafu huharibika upesi. Madaktari wengi waliamini kwamba kumlisha mtoto kupita kiasi kulikuwa hatari kubwa kuliko kumpunja, na Ujerumani Adalbert Czerny alisisitiza kwamba tumbo lipumzike kwa muda mrefu kati ya mlo na mlo. Kanuni hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na uzoefu wa chupa, lakini haikuchukua muda ikaamriwa hata kwa mtoto anayenyonya titi.

Aliyeigeuza kanuni hiyo kuwa mfumo wa taifa ni Frederic Truby King (1858–1938). Tangu 1889 alikuwa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Seacliff, karibu na Dunedin, New Zealand. Hospitali ilikuwa na shamba lake, na huko King alijishughulisha na ulishaji wa ndama kabla ya kuugeukia ulishaji wa watoto. Mwaka 1907 alishiriki kuanzisha chama ambacho baadaye kilijulikana kama Plunket Society, kwa heshima ya mke wa gavana. Wauguzi wa chama waliwatembelea kina mama majumbani, wakapima uzito wa watoto na kufundisha ratiba.

Ratiba yenyewe, kwa hesabu ya saa za Kiswahili, ilikuwa hivi: mtoto hulishwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Milo mitano, kila mmoja ukitengana na mwenzake kwa saa nne. Baada ya ule wa mwisho hapewi kitu hadi asubuhi. Kwa hiyo zinabaki saa nane, nazo ni sawasawa na usiku wa mtu mzima anayefanya kazi. King aliwasifu akina mama wanaonyonyesha na kuwahimiza waendelee. Hata hivyo, titi nalo lilitakiwa kufuata saa ya ukutani. Mtoto alilazwa peke yake katika kitanda chake, madirisha yakiwa wazi ili apate hewa safi, na kilio chake cha usiku kilihesabiwa kuwa ni tabia ya kurekebishwa. Mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia King alialikwa London, na mafundisho yake yakaenea Uingereza kupitia Mothercraft Training Society.

Sifa za mfumo huo zilijengwa juu ya takwimu. New Zealand ilijivunia kiwango cha vifo vya watoto wachanga kilichokuwa miongoni mwa vya chini kabisa duniani, na wafuasi wa King walidai kuwa hayo yalikuwa matunda ya kazi yake. Dai hilo halisimami vizuri. Kiwango kilichotangazwa hakikujumuisha Wamaori, ambao watoto wao walikufa kwa wingi zaidi, na kushuka kwa vifo kulikuwa kumeanza kabla ya 1907. Linda Bryder, katika historia yake ya chama hicho iliyotoka 2003, ameonyesha jambo la kuvutia zaidi: kina mama waliithamini ziara ya muuguzi, wakachukua ushauri uliowafaa na kuacha usiowafaa, na wauguzi wenyewe hawakuwa wakali kama maandishi ya mwasisi wao. Mtafiti anayesoma vitabu vya King pekee anasoma amri. Usiku uliopita ndani ya nyumba ni habari nyingine.

Mwanasaikolojia wa Marekani John B. Watson ndiye aliyeikata ratiba kutoka kwenye mizizi yake ya kitabibu. Katika Psychological Care of Infant and Child ya 1928 hofu si tena kuharisha bali ni mapenzi ya mama, yanayodhaniwa kumdekeza mtoto na kumlemaza. Kuanzia hapo, mama aliyeamka usiku kumbeba mwanawe hakuwa anahatarisha tumbo la mtoto tu; alikuwa anaharibu tabia yake. Mabadiliko haya ya lawama yana uzito kuliko idadi ya saa zilizoamriwa.

Upinzani wenye ushahidi ulitoka kwa mama mmoja. Mwaka 1942 Frances Simsarian, mwanasaikolojia aliyekuwa amejifungua, pamoja na daktari Preston McLendon, walichapisha kumbukumbu za wiki 12 za kwanza za mtoto wake, aliyenyonyeshwa kila alipoonyesha njaa. Katika siku za mwanzo aliamka mara chache. Maziwa yalipojaa, aliamka takriban mara kumi kwa siku. Akiwa na wiki mbili alikuwa ananyonya mara sita au saba, na kufikia wiki ya kumi alikuwa amejipangia mwenyewe nafasi za karibu saa nne. Mtoto mmoja si sampuli, na waandishi hao walilijua hilo. Lakini nafasi ambazo madaktari walizilazimisha tangu kuzaliwa zilionekana kuja zenyewe, kwa wakati wake. Benjamin Spock alilisimulia jaribio hilo katika kitabu chake cha malezi, kilichotoka kwa mara ya kwanza 1946 na kuuzwa kwa mamilioni ya nakala, na saa ya ukutani ikaanza kupoteza mamlaka jikoni.

Haikupoteza mamlaka chumbani. Mwaka 1953 Nathaniel Kleitman na Theodore Engelmann walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 19 tangu wiki ya tatu hadi ya 26. Jumla ya usingizi wao ilipungua kidogo tu. Kilichobadilika ni mgawanyo wake, usingizi ukihama polepole kutoka mchana kwenda usiku. Huo ni mwendo wa ukuaji. Mwaka 1957, hata hivyo, T. Moore na L. E. Ucko, waliochunguza watoto wapatao 160 wa London, walihitaji kipimo, nao wakaamua kwamba mtoto "ametulia" ikiwa halii wala kusumbua kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kwa kipimo hicho asilimia 70 walikuwa wametulia walipofika miezi mitatu, na asilimia 10 hawakuwahi kutulia kikamilifu ndani ya mwaka wa kwanza. Ni kipimo halali cha utafiti, chenye saa tano tu. Nje ya utafiti kiligeuka kuwa tarehe ya mwisho: miezi mitatu, na baada ya hapo mtoto ana "tatizo."

Udhaifu wa kipimo hicho ulionekana wazi kilipolinganishwa na mazingira ya mbali na London. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness walifanya utafiti Kokwet, jamii ya wakulima wa Kipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, na mwaka 1982 wakachapisha ulinganisho wa watoto wa huko na wa Marekani. Mchana mtoto wa Kokwet alibebwa mgongoni au alikuwa mikononi mwa dada yake, akisinzia kazi zikiendelea. Usiku alilala ubavuni mwa mama na kunyonya alipoamka. Katika miezi ambayo usingizi mrefu zaidi wa mtoto wa Marekani ulirefuka hadi kufikia takriban saa nane, ule wa mtoto wa Kokwet haukurefuka kwa kiasi cha kutajika. Kwa kipimo cha 1957 wengi wao wangehesabiwa hawajatulia. Huko kuamka kwa mtoto hakukuwa tatizo la kutafutiwa dawa: mama hakulazimika kuondoka kitandani, na kazi yake ya kesho haikuanza kwa kengele ya kiwanda.