Uuguzi wa manusura wa ukatili: Nakuru na Bonde la Ufa la kati

Uuguzi wa manusura wa ukatili ni huduma ya kutambua, kutibu na kuweka kumbukumbu za madhara ya ukatili, ambao Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliutangaza mwaka 1996 kuwa tatizo la afya ya umma. Katika Bonde la Ufa la kati nchini Kenya, uzito wake ulidhihirika Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipozikumba Nakuru na Naivasha, na hospitali kuu ya mkoa mjini Nakuru ikapokea majeruhi wa mishale na mapanga. Muuguzi, ambaye aghalabu ndiye wa kwanza kumpokea manusura wa ubakaji, humsikiliza faraghani, huhakikisha anaanza dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI kabla ya saa 72 kupita, na huhifadhi nguo zake katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu unaoharibu ushahidi. Hivyo kazi yake huunganisha tiba na haki: jeraha lisiloandikwa vyema hudhoofisha kesi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na manusura aliyedharauliwa huenda asirudi kukamilisha dawa za siku 28.