Mrututu Uliong'ang'ania Jani

Mwaka 2025 ilitimia miaka 140 tangu Profesa Pierre-Marie-Alexis Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, atangaze mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa uliookoa mizabibu ya Ulaya. Kumbukumbu hiyo inamhusu mkulima wa zabibu wa Dodoma, awe Ihumwa au Hombolo, kwa jambo ambalo mafunzo yetu ya kilimo hulipita haraka: dawa ile ilishinda kwa kung'ang'ania jani kuliko kwa ukali wake.

Ugonjwa wa mizabibu uitwao ubwiri vinyoya uliingia Ufaransa kutoka Marekani mwaka 1878. Kwa maelezo ya Millardet mwenyewe, Oktoba 1882 alipita Saint-Julien, Médoc, akakuta mizabibu imepukutika majani, isipokuwa ile ya kando ya barabara. Wenyewe walikuwa wameipaka mrututu na chokaa ili wapita njia waione ina sumu, waache kudokoa zabibu. Walihitaji doa lisilofutwa na mvua, maana mwizi haogopi sumu asiyoiona. Katika kulitafuta doa la kudumu wakapata kinga ya kudumu. Mrututu peke yake huyeyuka, huunguza jani na kusombwa na mvua. Chokaa huugeuza kuwa chembe laini zinazokaukia juu ya jani na kuachia shaba kidogo kidogo. Millardet alisaidiana na mkemia Ulysse Gayon, na mwaka 1885 akatangaza kipimo: kilo 8 za mrututu katika lita 100 za maji, na kilo 15 za chokaa katika lita 30.

Atakayesema kinachoua ni shaba hakosei, lakini shaba huzuia vimelea vya ugonjwa kuchipua tu. Haiponyi jani lililokwisha kuugua, hivyo lazima iwepo kabla ugonjwa haujafika. Mwingine atasema dawa za leo hutoka kiwandani zikiwa na viungo vya kuzinatisha. Kiwanda, hata hivyo, hakishiki bomba la mgongoni. Jani lina nta, matone makubwa huviringika yakadondoka, na ubwiri huu huingilia vitundu vya upande wa chini, ambako dawa inayopulizwa kutoka juu haifiki. Kuzidisha dawa si jibu, kwani inayotiririka huacha shaba udongoni, nayo haiozi. Dodoma inajivunia zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka na kituo cha utafiti cha Makutupora. Fahari hiyo iambatane na elimu. Maafisa ugani, na maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, wafundishe ukubwa wa tone, upande wa chini wa jani na muda wa dawa kukauka kabla ya mvua, kwa uzito uleule wanaoupa uchaguzi wa dawa.